Jina Nililomtajia Bibi Leopoldina

Nilitumwa kupeleka dawa za presha. Basi.

Ilikuwa Agosti, jua linazama, nami nilikuwa na miaka kumi na saba. Kwa miaka miwili nilikuwa nimejitolea katika kikosi cha zimamoto cha kijiji chetu, huko milimani Beira, Ureno. Kikosi ni chetu wenyewe: moto ukiwaka tunakwenda sisi, mtu akianguka tunakwenda sisi. Vijana hatukuruhusiwa kuusogelea moto. Tuliosha magari, tulikunja mipira ya maji, tuliwapelekea wazee dawa zao. Lakini ndani ya gari la wagonjwa, kando ya machela, kulikuwa na kiti cha kijana mmoja. Mmoja tu. Nilikingoja kiti kile miaka miwili.

Asubuhi ya siku hiyo Kamanda Amílcar alimpa Noémia kiti hicho.

Noémia alikuwa na miezi sita tu kikosini. Wazazi wake walirudi kutoka Ufaransa, na Kireno chake kilikuwa cha kuchekesha, na kila mtu alikipenda. Wagonjwa walimpenda. Akimshika mzee mkono, mzee anatulia. Mimi niliwahi kumshika mmoja hivyo hivyo, akaniambia nimwachie, namuumiza.

"Usininunie, Iria," aliniambia tukiwa tunafuta vioo vya gari. "Tutabadilishana. Wiki yangu, wiki yako."

"Kaa nacho. Kimeshanuka marashi yako ya Ufaransa."

Akacheka. Alidhani namtania.

Nilipanda kilima na mfuko wa dawa. Nyumba ya Bibi Leopoldina ilikuwa ya mwisho kabisa, juu ya bonde la Barroca. Mwanawe Fausto alikuwa mtu wa kikosi chetu. Moto ulimkuta bondeni humo kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani hakukuwa na taa.

"Weka mezani," sauti ikasema.

Alikuwa ameketi dirishani, nguo nyeusi, mikono mapajani. Nikaweka dawa.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, bibi."

Akanusa hewa. "Hapana. Umekuja na kijicho."

Kwetu bibi wengi wanajua kuliondoa jicho baya. Wanasoma sala, wanadondosha mafuta ya zeituni kwenye sahani ya maji, wanayatazama. Bibi yangu mwenyewe alinifanyia nilipokuwa mdogo. Kwa hiyo Leopoldina aliposogeza sahani, sikuogopa.

"Kuna mtu amenitazama vibaya?" nikauliza.

"Wewe hukutazamwa. Unatazama."

Nikainama kuitazama sahani.

"Kwa kawaida ningekuondolea," akanong'ona. "Leo hapana. Mimi nina kijicho changu, binti. King'ora kikilia, nakaa hapa. Nawahesabu watoto wa watu wakienda. Nawahesabu wakirudi..."

Akachovya kidole kwenye mafuta.

"Wanarudi wote. Kila mara... wote."

Tone la kwanza likaanguka majini.

"Anaitwa nani huyo wako?"

Nilijua sipaswi kujibu. Nataka hilo lieleweke. Hakunishika, hakunitisha. Ningeweza kusema usiku mwema nikaondoka. Lakini siku nzima nilikuwa nimelimeza jina lile, na hapo palikuwa na mtu aliyelitaka.

"Noémia."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Sawa na wangu," akasema. Kisha akatabasamu, na meno yake yalikuwa madogo, kama ya mtoto.

Matone matatu yalikuwa yametawanyika sahanini. Yakaanza kusogea. Taratibu... Yakakutana katikati, yakawa duara moja linalong'aa.

Juu ya vichwa vyetu, ubao wa dari ukalia.

Halafu mwingine.

Kukawa na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Na upande wetu wa mlima hapakuwa na moto bado.

"Bibi... kuna mtu juu?"

"Nenda nyumbani, mwanangu. Umeshasema."

Nilikimbia kilima kizima. Nyumbani mama aliniuliza kama nimekula, nikajibu, naye akashtuka. "Sauti yako imepatwa na nini?" Nikasema ni moshi. Koo lilikuwa limekwaruzika, kana kwamba nimepiga kelele mchana kutwa.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, moto ulivuka mlima.

Saa tisa jua lilipotea. Kwanza likawa jekundu, halafu la kahawia, halafu halikuwepo. Magari yakawashwa taa mchana. Majivu yalituangukia mabegani, na mikalitusi ilipasuka kule juu kwa milio kama ya bunduki. Vijana tulipangwa kuwaondoa wazee. Noémia alikwenda na gari la wagonjwa na dereva Custódio. Mimi niliwekwa nyuma ya pikapu na makatoni ya maji.

Tulikutana nao kwenye kona iliyo juu ya Barroca. Custódio alikuwa akimfunga kwenye machela mzee mmoja aliyekuwa anakohoa na kutukana. Noémia alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, ametugeuzia mgongo. Anatazama bondeni.

"We mtoto!" Custódio akafoka. "Niletee oksijeni!"

Noémia hakugeuka. Aliinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza.

Kisha akatabasamu, akashuka kwenye moshi.

Custódio akashika redio ya upepo, anamwita Kamanda, anaapa kwa watakatifu wote. Hakuweza kumwacha mgonjwa. Mwenye pikapu alikuwa bado anageuza gari. Mimi nilijua. Katika watu wote pale, mimi peke yangu nilijua. Na nitasema kitu ambacho sikumwambia hata padri: wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kwamba kiti kiko wazi.

Sijui nilisimama na wazo lile muda gani. Labda pumzi mbili. Labda zaidi.

Halafu nikaruka chini, nikamfuata.

Ndani ya moshi hapakuwa na sauti. Moto ulikuwa unaunguruma pande zote, lakini bondeni humo... kimya. Nilimwona hatua ishirini mbele. Alikuwa anatembea bila haraka, mkono wake wa kulia ameunyoosha mbele, vidole vimekunjwa.

Alikuwa ameshikana mkono na mtu.

Mtu huyo sikumwona. Niliona tu moshi ukigawanyika kumpisha.

Nikafungua kinywa nimwite.

Hakuna kilichotoka.

Nikajaribu tena. Pumzi ilitoka. Midomo ilitamka. Sauti haikuwepo.

Nikakimbia. Miiba ilinichana miguu, kitambaa cha uso kilinibana pua, na ile harufu ya majivu mabichi ikanijaa mdomoni. Nilimdaka mkanda, nikavuta. Akanipiga kiwiko. Alikuwa na nguvu ambazo Noémia hakuwahi kuwa nazo. Nikavuta tena kwa uzito wangu wote, na upande wa pili ukavuta pia. Nilisikia kitu kikilia begani kwake.

Kisha upande ule ukaachia.

Tuliangukiana kwenye mawe. Upepo ukageuka, na pale alipokuwa akielekea pakawaka, pote kwa mara moja. Sikumbuki tulivyopanda. Custódio anasema nilimburuta kwa kola na nilipofika barabarani nilikuwa nalia kwa sauti kubwa mno, hadi yule mzee kwenye machela akaziba masikio.

Nyumba ya Leopoldina haikuungua. Moto ulipita kulia na kushoto kwake. Siku ya pili nilikwenda kusimama mlangoni pake.

"Ulifanya nini na jina lile?" nikamuuliza.

"Mimi?" Alikuwa anamenya viazi. "Binti alikuja na kijicho, nikamtazamia kwa mafuta na maji. Muulize bibi yako, naye anafanya."

"Nani alikuwa juu?"

"Panya."

Akaendelea kumenya. Mezani kulikuwa na sahani mbili na vijiko viwili.

Kamanda Amílcar alisema ni hewa chafu. Moshi ukiingia kwenye damu, alisema, mtu anaona na kusikia mambo. Amewaona wanaume wazima wakiuendea moto wakicheka. Custódio alikubaliana naye. Kisha akanichukua pembeni, akaninong'oneza kwamba yeye hakuvuta moshi wowote zaidi ya sigara yake, na alimsikia mtu akiita. Alipotaka kuniambia ni nani, akanitazama usoni, akaghairi.

Siku ya sita waliniruhusu kumwona Noémia hospitali. Alikuwa na mpira wa oksijeni puani, na bega lake limefungwa. Kwenye kiganja cha kulia kulikuwa na malengelenge manne yaliyojipanga na moja pembeni, kama alama za vidole. Niliketi. Nikasema pole. Nikasema Kamanda anamsalimu, na kiti chake kipo.

Akageuza uso kunitazama.

"Iria," akasema pole pole. "Kwa nini uliniita, halafu ukanirudisha?"

"Nilikuita lini?"

"Pale kwenye kona. Ulikuwa chini bondeni. Ulisema, shuka, Noémia, nimepata mtoto huku, peke yangu siwezi. Ningeacha kuja? Sauti yako naijua." Akameza mate, akakunja uso kwa maumivu. "Tulitembea pamoja. Ulikuwa unanisimulia jinsi unavyonipenda. Halafu mtu akanivuta kwa nyuma, nikageuka, nikakuona wewe."

Mashine ilikuwa inalia kando ya kitanda. Tii... tii...

Nikamwambia. Yote. Dawa, sahani, jina. Nikamwambia hata zile pumzi mbili nilizosimama barabarani. Nililia na sikumwomba anisamehe, maana sikujua naanzia wapi. Nilipomaliza nikaunyoosha mkono wangu juu ya shuka.

Hakuushika. Alikuwa ananitazama, si kwa hasira. Alinitazama kwa uangalifu sana, jicho moja kisha jingine, na taratibu akajivuta hadi ukutani, mpira wa oksijeni ukanyooka.

"Na sasa hivi," akanong'ona, "anayeongea hapa ni yupi?"

Nikafungua kinywa nimjibu, nami sikujua itatoka sauti ya nani.