Kibali cha Milima ya Nevada

Jioni moja ya Mei, nyumbani kwa Lyle Hagedorn kulikuwa shwari kabisa. Mahindi yalikuwa yamekwisha kupandwa, mvua ilikuwa ya kiasi, na Marlys, mkewe Lyle, alikuwa amekaanga kwa siagi uyoga aliouokota asubuhi chini ya miti mikavu kando ya kijito. Mezani alikuwapo pia Orrin, kaka mkubwa wa Lyle, mgane aliyekuwa akila hapo karibu kila siku tangu alipomzika mkewe. Ninyi mnaoishi huku Iowa mnazijua jioni za namna hiyo. Mlango uko wazi, mbwa kajilaza kizingitini, hakuna anayekimbilia popote.

Simu ya Orrin ikalia. Akaitazama, akainuka ghafla hata kiti kikaanguka.

"Tumepata! Lyle, tumepata!"

"Tumepata nini, kaka? Usiniue kwa presha."

"Nevada, bwana! Tumetoka kwenye kura, mimi na wewe!"

Kila mwaka ndugu hawa waliomba pamoja kibali cha kuwinda kulungu wa milima ya Nevada, wale wakubwa wenye masikio mapana kama ya punda. Wenyeji wa kule wana fungu lao. Sisi wa majimbo mengine tunatengewa vibali vichache, navyo hupigiwa kura. Ukikosa unapewa pointi, mwakani unaomba tena ukiwa umesogea kidogo kwenye foleni. Walianza kuomba wakiwa vijana. Sasa Orrin alikuwa na upara, na Lyle aliitwa babu.

Wakakumbatiana kama watoto. Marlys akacheka, akawaongezea uyoga. Nani asingecheka?

Mwezi wa Julai, Lyle alikuwa akipakia majani makavu ya mifugo kwenye trela alipokaa chini ghafla, mkono kifuani, jasho likimtoka na huku uso umempauka. Marlys akampeleka hospitali. Daktari akasema mishipa ya moyo imeziba, apumzike, na Oktoba aingie kwenye matibabu ya kuizibua. Kuhusu milima alisema neno moja tu: hapana.

Oktoba ndiyo ilikuwa wakati wa kuwinda.

Marlys hakukawia. Orrin alipokuja kula, alimwambia mbele ya mumewe, "Shemeji, rudisheni vibali kabla msimu haujafunguliwa. Nimeuliza. Mkivirudisha mapema, pointi zenu zinabaki. Mtaomba tena akishapona."

"Tuombe tena?" Orrin aliweka uma chini. "Marlys, mimi nina miaka sabini. Nikiingia kwenye kura tena nitatoka nikiwa kaburini."

"Basi nenda peke yako."

"Nakwenda peke yangu, halafu nampigia simu huyu hapa amejifunika blanketi kama bibi kizee? Lyle, kweli? Daktari mwenyewe kijana mdogo, kilima kirefu alichowahi kupanda ni ngazi za hospitali."

Lyle akacheka. Marlys hakucheka.

Jamani, tuelewe mambo yalivyokuwa. Baba yao alifariki Lyle akiwa mdogo, na Orrin ndiye aliyemlea, akamfundisha kuendesha trekta na kushika bunduki. Lyle hakuwa amejifunza kumwambia kaka yake hapana. Na Orrin alilijua hilo vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameitamani safari ile muda mrefu mno, hata akaona kwamba kuikosa ni sawa na kuibiwa.

Lyle aliomba matibabu yasogezwe hadi Novemba. Siku ya kuondoka, Marlys alimfuata Orrin kwenye gari.

"Shemeji, sijawahi kukuomba kitu. Usimwache peke yake. Hilo tu."

"Nitakuwa naye bega kwa bega. Ondoa wasiwasi."

Siku za kwanza walizunguka chini, karibu na gari, kwenye vichaka vya kijivu vyenye harufu kali. Waliona majike na madume machanga tu. Kisha mfugaji mmoja wa huko akawaambia madume makubwa bado yako juu, karibu na kilele, kwa kuwa theluji haijaanguka.

"Twende polepole," Orrin alisema asubuhi iliyofuata.

Wakapanda. Kabla ya nusu ya njia, Lyle alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

"Kaka, mimi nimefika. Nitakaa hapa kwenye msonobari."

Orrin alitazama juu, akamtazama ndugu yake, akatazama juu tena. "Una redio ya mkononi?"

"Ninayo. Nenda. Usije ukanilaumu maisha yako yote."

Akaenda.

Juu, kwenye bonde dogo lililojificha nyuma ya kilele, alimwona dume ambaye alikuwa akimwota tangu ujana wake. Mnyama alisimama ubavu, pembe zimepanuka kama matawi ya mti. Orrin alifyatua mara moja tu. Alipomfikia alipiga magoti, akalia kwa furaha.

Redio ikakoroma. "Nimesikia bunduki. Umempata?"

"Nimempata, mdogo wangu! Ungemwona!"

 Kisha sauti ya Lyle ikaja tena, ya chini, kama mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia. "Kaka, njoo."

"Nakuja. Nimalize kidogo huku."

Na akamaliza. Alimpasua mnyama, akampiga picha, akazitenga nyama kivulini, akakikata kichwa kwa uangalifu asiharibu ngozi ya shingo. Aliita kwenye redio, hakujibiwa. Akasema moyoni, amelala huyo. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema wahenga, lakini siku hiyo sikio lililoziba halikuwa la aliyekufa.

Alimkuta Lyle ameegemea msonobari, kofia imeanguka, mkono wake mmoja umeishika redio. Mwili ulikuwa umeanza kupoa.

Orrin alipiga kelele hadi mfugaji yule akasikia na kuja na farasi.

Kumpigia Marlys ilikuwa kazi yake, hakumwachia mtu. Alimwambia Lyle amefariki mlimani. Kisha Marlys akauliza, "Alikuwa peke yake?"

Orrin angeweza kudanganya. "Ndiyo," alisema. Simu ikakatika.

Nyama ziligawiwa familia za huko. Kichwa na pembe zake Orrin aliviacha kwa mfugaji, hakutaka hata kuviona. Siku ya mazishi alimweleza Marlys yote, hata ule wito wa redioni. Majira yote ya baridi alikaa kanisani benchi la nyuma, na Marlys alipita bila kumtazama. Kwaresima ilipokaribia kwisha ndipo Marlys aliposimama mbele yake.

"Daktari ameniambia huenda angekufa hata hapa nyumbani," alisema. "Mlima nimekusamehe, shemeji. Lakini alikuita, ukamwambia unakuja. Hilo sijui nitalisamehe lini. Naomba kila siku niweze."

Orrin aliinamisha kichwa. Tangu hapo, vijana wetu wanapokusanyika kujaza maombi ya vibali, huja na kuwasimulia habari hizi yeye mwenyewe, bila kujitetea. Wengine hutoka nje kuficha machozi.

MAFUNZO

Tamaa mbele, mauti nyuma. Bahati ikikuangukia, si amri, unaweza kuikataa. Usimshawishi mgonjwa apuuze tiba kwa sababu ya raha yako, hata kama anakupenda kiasi cha kukubali. Na mtu wako akikuita, acha ulichoshika mkononi uende. Kibali hurudishwa na pointi zikabaki. Mtu harudishwi.