Pacha Aliyeacha Kurefuka

Kila asubuhi walitoka nyumbani wawili, na kabla ya kufika kona ya pili mmoja alikuwa ameshabaki nyuma. Pacha wake alitembea kwa hatua ndefu, begi likimrukaruka mgongoni, akawahi wenzake waliomsubiri kwenye kibanda cha fundi viatu. Yeye alijikokota peke yake, sweta amelifunga vifungo hadi shingoni, ingawa jua lilikuwa limeshapanda na watu walijipepea kwa magazeti. Shuleni walimwita Konokono. Hakumbuki nani alianza. Anachokumbuka ni kwamba siku hiyo hata pacha wake alicheka.

Walikuwa na miaka kumi na miwili, na walizaliwa wakipishana dakika ishirini tu. Zamani walikuwa wakivaa nguo za kubadilishana. Kisha pacha wake akaanza kurefuka, na Konokono akabaki palepale. Uso ulimvimba kidogo, ngozi ikakauka, usingizi ukawa haumtoki. Mwalimu wa hesabu alipomuuliza swali, jibu lilimjia polepole, na kabla halijafika mwalimu alishamgeukia mtoto mwingine. Hata mama yao, alipomkuta jikoni amesinzia na sufuria mkononi, alimwambia, "Uvivu huu umeutoa wapi, mwanangu?"

Lakini lililomuuma zaidi lilitokea dukani, walipotumwa kununua uzi. Muuza vitambaa alimtazama pacha wake, kisha akamtazama yeye.

"Huyu mdogo wako yuko darasa la ngapi?"

Siku nyingine pacha wake angeruka juu na kusema, "Sisi ni mapacha!" Siku hiyo alikuwa na rafiki zake wawili. Aliangalia pembeni.

"La tatu," alisema.

Tangu hapo, wakati wa mapumziko Konokono alikaa kwenye ngazi za nyuma ya maktaba, mahali pasipopita mtu, akisubiri kengele.

Mama yao alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake: cherehani dirishani, meza ya kukatia, pasi, na daftari nene la vipimo. Watu walisema mkasi wake haujawahi kukosea. Mwaka mpya ulipokaribia, aliwapima wanawe kwa ajili ya sketi za shule, zile ndefu za kufika vifundoni. Futi ilishuka kutoka kiunoni mwa pacha hadi sakafuni, na mama akasoma namba kwa furaha. Konokono aliisikia ile namba. Zamu yake ilipofika alijifunga shuka refu lililofunika miguu, na mama alipoinama, akasimama kwa ncha za vidole.

"Kumbe umerefuka!" mama alisema akiandika. "Afadhali. Nilishaanza kuwa na wasiwasi."

Sketi zilipokamilika, ya pacha ilimkaa sawasawa. Ya Konokono ilifagia sakafu. Mama aliipima sketi, akaangalia daftari, akaipima tena. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nilisoma namba vibaya," alisema. Alikaa akaifumua.

Kesho yake alikuja mteja wa siku nyingi, ameleta kitambaa cha gauni la harusi ya binti yake. Mama alikipapasa, kisha akakisukuma taratibu kumrudishia.

"Tafuta fundi mwingine, dada yangu. Macho yameanza kunitupa mkono. Sitaki nikuharibie siku yako."

Mteja alibisha, akabembeleza, mwishoni akaondoka. Mama akabaki ameweka mkono juu ya cherehani, bila kuiendesha. Konokono alikuwa kwenye kona akishona vifungo. Aliweka sindano chini.

"Mama, macho yako hayana kosa. Siku ile nilisimama kwa ncha za vidole."

Mama aligeuka. "Kwa nini?"

"Nilitaka niwe mrefu." Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Watu wanadhani mimi ni mdogo wake. Na yeye mwenyewe anawaambia hivyo. Halafu nachoka, mama. Nachoka kila siku, na nasikia baridi watu wakitoka jasho. Sikusema kwa sababu mngeniambia ni uvivu."

Mama hakumgombeza. Alimvua viatu, akamsimamisha ukutani, akampima upya. Kisha akafunua kurasa za nyuma za daftari: mwaka jana, mwaka juzi. Urefu ulikuwa namba ileile.

"Miaka miwili," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuona."

Asubuhi iliyofuata walikuwa hospitali. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimuuliza Konokono mwenyewe, si mama yake: usingizi, baridi, hata choo kama anapata kwa shida. Alijibu yote kwa ukweli, ingawa aliona haya. Daktari akamshika shingo na kumwambia ameze mate, kisha akaagiza damu ichukuliwe.

Majibu yalitoka baada ya wiki moja.

"Mwilini kuna tezi," daktari alieleza, "viungo vidogo vinavyotengeneza homoni. Homoni ni ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Moja inauambia mwili ukue, nyingine inausaidia kutumia sukari, nyingine inakuamsha unapoogopa ili ukimbie. Kinachohitajika ni kidogo sana, lakini kikipungua, kazi inalala." Aligusa mbele ya shingo ya Konokono. "Hapa ipo tezi ya thairoidi. Homoni yake ndiyo inayopanga kasi: moyo upige vipi, joto liwe kiasi gani, mifupa irefuke, akili ichangamke. Na chini ya ubongo kuna tezi nyingine, kubwa kama punje ya njegere, inayoisimamia. Kwenye damu yako, yule msimamizi anapiga kelele, 'Fanya kazi!' Ya shingoni haiwezi."

"Kwa hiyo mimi si mvivu?"

"Uvivu gani! Umekuwa ukipanda mlima wakati wenzako wako tambarare."

"Nilimkosesha nini, daktari?" mama aliuliza.

"Hakuna. Kinga ya mwili wakati mwingine inaishambulia tezi. Haiambukizi, wala si kosa la mtu. Atameza kidonge kila asubuhi kabla ya kula, pengine maisha yake yote, na tutakuwa tunampima damu."

Jioni ile pacha wake alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilidhani umenichoka," alisema. "Nilikuwa nikikuita, hujibu. Nikisema tucheze, unalala. Nikaona bora nitafute wengine." Alishika pindo la shuka. "La dukani lilikuwa baya. Nisamehe."

Konokono alisogea ukutani akamwachia nafasi, na wakalala hivyo, migongo ikigusana.

Dawa haikufanya miujiza ya siku moja. Kwanza usingizi ulipungua, kisha uso ukanywea. Mwezi wa tatu alijibu swali la hesabu kabla mwalimu hajageuka. Jina la Konokono likaanza kupotea midomoni mwa watu.

Baada ya mwaka, daktari alimpima: sentimita tisa zaidi. Mama alitaka futi isomwe mara mbili.

"Dawa imefanya kazi," daktari alisema, "lakini ingebaki kabatini kama usingesema ukweli. Mwili wako ukibadilika, usiufiche kwa kuona haya. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Na sisi wakubwa, mtoto akichoka, tuulize kwanza kabla ya kumwita mvivu."

Mama aliinamisha kichwa.

"Hilo la mwisho limenigusa mimi," alisema, na akamshika binti yake mkono.