Mzee Haamshwi

Ilikuwa mwaka wa pili wa vita, na Bukavu nzima ilikuwa imechoka. Fabiola, msichana wa miaka kumi na miwili, akitoka shuleni alirudi kwenye nyumba ya wazee ya Muhumba. Mama yake, Eulalie, aliwaangalia wazee hapo usiku, na kwa kuwa kurudi kwao Cimpunda gizani ilikuwa hatari, wote wawili walilala chumba cha nyuma. Kulala kwenyewe kulikuwa jina tu.

Aliyewakesha ni Maman Adélaïde, aliyekuwa mchuuzi wa ndizi kutoka Katana. Sasa ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwibia akili. Mchana alisinzia kitini. Usiku aliamka, akajifunga kitenge, akasema anachelewa sokoni. Eulalie alimrudisha kitandani mara tano, mara sita. Kukipambazuka hakuwa na nguvu hata ya kugombeza.

Masœur Madeleine, mtawa mkuu wa nyumba, alishauri bibi huyo asilale mchana ili alale usiku. Kila alasiri akae juani achambue maharage na Fabiola, kisha watembee uani. Fabiola akakubali. Lakini siku ya kwanza tu bibi alisinzia, naye akamwacha. Si alifundishwa tangu utotoni kwamba mzee haamshwi? Kumwamsha ingekuwa adabu gani! Ukweli ni kwamba peke yake aliyamaliza maharage upesi, akaenda kuruka kamba. Kila jioni alionyesha ungo safi, akasema wamechambua wote wawili, akasifiwa.

Wiki mbili zikapita hivyo. Alfajiri moja Eulalie alizidiwa na usingizi. Kushtuka, Maman Adélaïde yuko langoni anapigana na komeo, na wanajeshi wanapita barabarani. Papa Évariste, bawabu, alimkumbatia na kumnyamazisha mpaka walipotokomea.

Asubuhi Masœur Madeleine alisema maharage yameshindwa. Kuanzia usiku huo bibi angefungwa kitandani, kuliko apigwe risasi. Eulalie alichukua shuka kuukuu, akaanza kulipasua vipande vya kumfungia.

Fabiola alisikia kitambaa kikichanika, akalishika lile shuka.

"Maman, usipasue," alisema. "Maharagi haikushindwa. Nilikuwa ninachambua peke yangu. Yeye alikuwa analala tu."

Eulalie aliliweka shuka chini. Fabiola alingoja kofi, lakini mama yake alikuwa amechoka mno hata kwa hilo. Alimwomba Masœur siku kumi za kujaribu tena, akapewa.

Mchana huo Fabiola alimgusa bibi begani, akamwamsha. Aliitwa mtoto asiye na adabu, akatukanwa kwa Mashi, lugha ya kwao bibi, akavumilia. Siku ya tatu bibi aliuvuta ungo mwenyewe, akachambua kwa ukali wa mchuuzi. Hata kokoto moja haikumpita. Hakupona, maana ugonjwa ule hauponi. Bado aliamka usiku, lakini mara moja tu, na akirudishwa kitandani alilala hadi jogoo awike.

Asubuhi ya siku ya kumi Masœur alisema bibi hatafungwa. Eulalie aliketi kitandani, akamwita binti yake.

"Mutoto wangu, heshima ni kumufanyia muzee kile kinachomusaidia, hata akukasirikie," alisema. "Na sikiliza. Uchovu wa kazi, mutu analala, unaisha. Lakini wiki mbili nilibeba uongo wako mugongoni bila kujua. Uchovu wa uongo huo ningeumaliza kwa usingizi gani?"

Fabiola alimfunika mama yake blanketi, akaomba msamaha kwa sauti ndogo. Eulalie hakusikia, alikuwa ameshalala.