Tulipotea Njia, Tukatokea Ukweni kwa Mchumba Wangu

Simu ya mchumba wangu ilikuwa imebandikwa mbele ya usukani, ikituelekeza mlima Tara, ilipoamua kunielekeza na kwingine.

Ujumbe ulishuka juu ya ramani.

"Mpenzi, leo ni slava yetu na kiti chako kitupu. Baba anakuulizia kila dakika. Hiyo kazi ya mjini Niš inaisha lini?"

Mtumaji: Fundi Breki.

Nimeshakutana na mafundi wachangamfu, lakini huyu alizidi.

Relja alikuwa nje anajaza mafuta. Akanipungia mkono kupitia dirishani. Nami nikampungia. Adabu kwanza.

Kisha nikafungua.

Fundi Breki aliitwa Dunja. Wiki moja nyuma alikuwa ametuma ramani ya kwao: "Hujawahi kufika nyumbani. Siku ukipata nafasi, ni hapa."

Sasa nisikilizeni vizuri kabla hamjaniambia ningemrukia pale pale kituoni.

Wakati wa baridi niliokota hereni ya mwanamke kwenye gari langu. Relja ana ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Alizungumza dakika kumi tu, mama yangu na dada zake wakalia, na mimi niliyeokota hereni nikaomba msamaha mbele ya watu wote.

Nilibakiza siku kumi na saba nifunge naye ndoa. Nikimkabili peke yangu, ningeomba msamaha tena, na ningeolewa.

Nilihitaji mashahidi. Wengi. Walioshiba, wasio na haraka.

Na siku yenyewe ilikuwa ya Mtakatifu Georgije. Slava ni sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, na haina kadi ya mwaliko. Anayefika anakaa. Mwenye nyumba haruhusiwi kumfukuza mtu, hata awe nani.

Nikaufuta ujumbe. Nikaigusa ile ramani ya Dunja, simu ikabadili njia. Nikakunja mikono mapajani kama mwanafunzi anayesubiri sala.

Relja akarudi, akabusu shavu langu, tukaondoka.

"Geuka kushoto," ikasema simu.

"Kushoto?" Relja akakunja uso. "Tara si kushoto."

"Labda kuna foleni mbele, mpenzi."

Akageuka. Lami ikaisha. Ikaja changarawe, kisha miti ya plamu pande zote, kisha ng'ombe mmoja aliyetutazama kwa huruma.

"Senka, tumepotea."

"Wewe huwa hupotei."

"Hii simu imelewa."

"Tuulize njia basi. Ona, pale kuna watu."

Ua ulijaa magari. Moshi wa mwanakondoo ulipanda kutoka nyuma ya nyumba. Relja akashuka, akapiga hatua tatu hivi kuelekea getini.

Mzee mmoja mpana, shati jeupe, akatoka na kichupa cha rakija, pombe kali ya plamu, mkononi. Akamtazama. Akamtazama tena.

"Relja? Wewe si Relja wa kwenye picha? Dunja! Njoo, mwanaume wako amefika!"

Jamani. Mmewahi kumwona mjusi aliyebanwa na mlango? Basi.

Dunja akatoka mbio na sinia la ngano iliyochemshwa, ile ambayo kila mgeni huonja kijiko kimoja kabla ya kuingia. Nilikuwa nimeandaa matusi ya kumtosha. Nilikuwa nimeyapanga tangu kule kwenye changarawe.

Akampita Relja wake, akaja moja kwa moja kwangu. Macho yamemjaa machozi.

"Wifi," akasema. "Na ugonjwa wako wote huo, umekuja?"

"Wifi?"

"Nimeiona picha yenu. Relja kaniambia yote. Kila Jumamosi anavyokupeleka kusafishwa figo. Zinaendeleaje?"

Jumamosi zangu. Sinema zangu. Matembezi yangu mtoni. Yote yalikuwa figo.

Nikamgeukia Relja. Hata hakupepesa.

"Dada anachoka haraka," akasema kwa upole. "Tumepita kusalimia tu, hatukai."

Matusi yote yakanitoka kichwani. Yule msichana hakuwa mwizi wangu. Alikuwa ameibiwa kama mimi, na juu ya hayo alikuwa ananiombea figo.

Nikachota kijiko cha ngano, nikapiga ishara ya msalaba.

"Slava njema, mwenye nyumba," nikasema. "Tunakaa."

Tukakalishwa katikati ya watu thelathini. Kaka watatu wa Dunja walikaa mkabala na Relja, kila mmoja na mabega ya kabati. Mshumaa ukiwaka, mkate umekatwa. Mzee Sreten, yule wa getini, baba yake Dunja, akasimama na glasi.

"Leo tungependa kusikia siku ya harusi. Wazazi wa kijana hawapo, basi dada yake atuambie."

Relja akanifinya goti chini ya meza.

Nikasimama.

"Siku imeshapangwa, mzee. Jumapili, tarehe ishirini na tatu, mwezi huu huu. Kanisani Novi Sad, saa sita mchana."

Watu wakapiga makofi. Dunja akaweka mkono mdomoni. "Relja, hukuniambia..."

"Na kadi zimetoka," nikasema.

Nikafungua mkoba. Nilikuwa nazo za kuwapelekea shangazi zangu wa Tara. Nikampa mzee moja.

Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, taratibu.

"Relja... na Senka..."

Akaisogeza kadi karibu na mshumaa.

Bibi yake Dunja aliyekuwa pembeni akamwuliza jirani yake, "Anamwoa dada yake?"

"Mimi si dada yake, bibi," nikasema. "Na figo zangu ni nzima."

Dunja aliichukua ile kadi, akaisoma mwenyewe, kisha akaigeuza kana kwamba nyuma palikuwa na jibu jingine.

"Naweza kueleza," Relja akaanza.

"Umweleze nani?" akauliza Dunja. "Mimi au yeye? Anza na mmoja, mwingine anasikiliza."

Akafungua mdomo. Akamtazama Dunja, akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, ule ulimi ulikosa pa kupita.

Kaka watatu wakainuka kwa pamoja. Mzee Sreten akanyanyua mkono.

"Kaeni. Leo hafukuzwi mtu hapa, wala haguswi." Akamsogezea Relja sahani. "Kula."

"Mzee, sina njaa..."

"Kula, mwanangu."

Dunja akampakulia supu mwenyewe, hadi ukingoni. Watu thelathini wakamtazama akimeza.

Nikaivua pete ya uchumba, nikaiweka kando ya kijiko chake. Nikachukua ufunguo wa gari langu. Dunja akanikumbatia mlangoni muda mrefu.

Mzee Sreten akanisindikiza mpaka getini.

"Binti, usimwonee huruma. Mgeni wetu tutamlisha vizuri." Akatazama kule mezani. "Slava ya nyumba hii ni siku mbili."

"Na siku ya tatu?"

"Siku ya tatu," akasema, akinifungulia geti, "ni siku ya kawaida tu."

Dada zangu, wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kupanda gari na Relja. Ni ndefu, ina changarawe na kona nyingi. Msimtukane njiani, msimwombe maelezo. Mpelekeni mpaka mwisho wake, na mhakikishe kuna watu mezani.