Dumu Zito Pipani

Kila Jumapili asubuhi Chiriku aliketi kwenye kigoda, shangazi akamsuka nywele huku yeye akipiga domo. Hakuitwa Chiriku bure. Shangazi alikuwa mchambuzi katika kituo cha taka, na vidole vyake vilivyoshinda vikitenganisha plastiki na makaratasi vilikuwa vyepesi mno kichwani.

Wakati huo mtaani kulikuwa na mapipa mapya ya plastiki. Kila pipa lilikuwa na mizani ndani, na kila jioni wakazi walitumiwa ujumbe wa simu kuwajulisha ni uchochoro upi uliokusanya plastiki nzito zaidi. Mhandisi aliyeyaweka alieleza kwamba hakuna apendaye kushindwa na jirani, kwa hiyo watu watajitahidi. Hakukosea. Hata mama muuza mkaa, ambaye zamani alitupa kila kitu mtaroni, alianza kuosha chupa.

Ila uchochoro wa kina Chiriku ulizidi kuburuza mkia, na wenzake shuleni wakamtania mpaka akakosa raha. Siku moja alitumwa kutupa vipande vya kioo cha dirisha na vigae vilivyovunjika. Akavitia vyote katika dumu tupu la mafuta, akakaza kifuniko na kulitumbukiza pipani. Jioni ujumbe ukasema uchochoro wao ndio wa kwanza. Majirani walishangilia, na Chiriku akavimba kichwa.

Kesho yake shangazi alirudi mapema, mkono umefungwa bandeji. Alieleza kwamba alishika dumu zito, akadhani lina maji. Alipolipasua kwa kisu ili ayamwage, kioo kikachomoka na kupenya glavu. Daktari alisema kano ya kidole imekatika, na huenda kidole hicho kisikunjike tena.

Chakula kilimshinda Chiriku. Shangazi akamuuliza mbona leo hata neno hana.

"Ni mimi, shangazi," alisema, machozi yakimtoka. "Nilitaka tuwe wa kwanza."

Shangazi aliutazama mkono wake uliofungwa. Hakumgombeza, wala hakumbembeleza. "Kesho tutakwenda kwa mhandisi," alisema. "Utamwambia mwenyewe."

Mhandisi alimsikiliza, kisha akainamisha kichwa. Alikiri kwamba aliwapa watu mashindano, akasahau kuwaonyesha ni nani anayepokea wanachotupa. Tangu hapo ujumbe haukutaja uzito tena, bali usafi wa taka kama wachambuzi walivyouona mezani kwao, na kila pipa likabandikwa picha ya mikono yao. Chiriku naye alibisha hodi nyumba kwa nyumba uchochoroni, akieleza kwa nini ushindi wao umefutwa. Kila mlango ulimwia mgumu. Mama muuza mkaa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani, akatoa chupa iliyovunjika kwenye mfuko wake wa taka na kuifunga kando katika mfuko wa peke yake.

Jumapili ya kwanza baada ya bandeji kufunguliwa, shangazi alijaribu kusuka. Kidole kilikataa, kitana kikaanguka. Chiriku akakiokota, akamkalisha shangazi kwenye kigoda, akaanza kumsuka yeye.

"Mizani ilijua uzito tu, mwanangu," shangazi alisema. "Kilichokuwa ndani ulikijua wewe peke yako. Kitu ukishakitupa hakijaisha, kuna mkono wa mtu unaokwenda kukipokea."

Chiriku aliitikia kwa sauti ndogo, akaendelea kusuka polepole.