Kapteni Analipwa kwa Kichwa

Wingu liliwameza walipokuwa ndiyo kwanza wameuacha mgongo wa Mawenzi, na Ezra Mlay akajua papo hapo kwamba amekosea. Hakusema. Abiria wawili nyuma yake walikuwa wagonjwa tayari, hawakuhitaji habari nyingine mbaya. Alipunguza mwendo, akakaza macho kwenye mishale ya vipimo iliyokuwa mbele yake, akaanza kuitelemsha helikopta kidogo kidogo akitafuta tundu la kuchungulia dunia. Tundu halikuwepo. Nje kila kitu kilikuwa cheupe, juu kweupe, chini kweupe.

Kila rubani anayeruka Kilimanjaro anaijua sheria ya mlima huu: asubuhi ni yako, mchana ni wa wingu. Inapofika saa nne ukungu huanza kupanda kutoka msituni kama moshi wa kuni mbichi, na mwenye akili zake huwa ameshatua Moshi zamani, anakunywa chai. Siku hiyo Ezra aliondoka Moshi saa tano. Aliondoka kwa sababu kampuni yake iliwalipa marubani kwa kichwa. Mgonjwa mwenye bima akifika uwanjani, rubani analipwa. Ukikataa kuruka kwa sababu ya hali ya hewa, unaambulia pole. Wiki nzima mlima ulikuwa umejifunga, na Ezra alikuwa ameambulia pole za kutosha.

Watu wa chini hudhani kapteni ni tajiri. Wanaona miwani myeusi na shati lenye mistari begani, hawaoni deni. Baba yake, mkulima wa kahawa wa Old Moshi, aliuza kipande cha kihamba, shamba la urithi wa ukoo, ili mwanawe akasomee urubani ng'ambo, kihamba chenye kaburi la babu. Mchagga hauzi kihamba. Mzee aliuza, ukoo ukamsusa hadi anazikwa, na Ezra alikuwa ameapa kukikomboa. Ndiyo maana alihesabu vichwa.

Kambini chini ya Mawenzi alikuwa amewakuta wawili. Wa kwanza alikuwa mgeni, mzee Mjerumani mnene, mpole, aliyevimba uso na kusahau jina la mkewe. Wa pili alikuwa mpagazi, kijana wa Tarakea aitwaye Primus, aliyekuwa akikohoa povu lenye damu. Ezra alimwita bosi wake kwenye redio.

"Nani anamlipia huyo wa pili?" aliuliza bosi, Ebenezeri.

"Hakuna. Hana bima, ni mzigo tu," Ezra alijibu. "Nikiweza kumpachika, nitampachika."

Primus alikuwa amelala hatua chache kutoka pale. Aliyasikia yote.

Safari mbili zingetosha kuwashusha wote salama, lakini safari ya pili ilihitaji mafuta, na mafuta ya mpagazi hayakuwa na mwenyewe. Muuguzi aliyekuwa amepanda na Ezra kutoka Moshi, Magdalena, akaamua la kuamua. "Mweke kwenye kiti changu, mimi nitashuka kwa miguu na wapagazi," alisema. "Lakini begi la dharura lisitoke, Ezra. Unanisikia?" Alimsikia. Ila hewa ya kule juu ni nyembamba, na helikopta ilipojaribu kunyanyuka ilitetemeka ikarudi chini. Ikajaribu tena, ikarudi. Ezra alifungua mlango akalitupa begi nje, pamoja na mablanketi, jiko, maji, dawa na fataki zake zote za kuomba msaada. Magdalena alipiga kelele, upepo ukazila. Helikopta ikapaa. Mwenye njaa hana miiko.

Sasa, ndani ya wingu, mkia ulipiga kitu. Helikopta ilianza kuzunguka kama pia. Ezra alikata nguvu za injini mara moja, akaliacha panga la juu lizungushwe na upepo wa kuanguka, akahesabu kwa tumbo lake, si kwa macho, kisha akavuta mkono wa kunyanyulia kwa nguvu zote ardhi ilipokuwa karibu. Ni kitendo cha sekunde chache. Marubani wengi hukifanya mazoezini wakastaafu bila kukihitaji, na waliokihitaji mlimani wengi wao hawakuishi kukisimulia. Helikopta ilitua kwa ubavu kwenye vichaka, ikajikunja, ikanyamaza. Wote watatu walikuwa hai. Kwa kazi ile, kwa utaratibu wa kampuni, hakukuwa na malipo yoyote.

Primus ndiye aliyetoka wa kwanza. Alimburuta mzee, kisha akarudi kumvuta Ezra, ambaye mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa chini ya kiti na mfupa umechungulia nje ya suruali. Alipovutwa alilia kama mtoto wala hakuona haya.

"Kaka, mablanketi yako wapi?" Primus aliuliza alipopata pumzi.

"Yalikuwa kwenye begi."

"Na begi?"

"Nililitupa kambini."

"Ili iweje?"

"Ili wewe uingie."

Primus aligeuka akakohoa. Ezra alijua kwamba amesema kweli, na kwamba ni kweli ya kihuni.

Redio ilikuwa imekufa, na simu hazikushika mtandao. Walikuwa juu kidogo ya msitu wa upande wa Rombo, ambako miti imefunikwa ndevu za kijani zinazonyonya ukungu. Primus alizichuma ndevu zile akazikamulia kinywani mwa kila mmoja. Maji yalikuwa machungu, yenye takataka, na walimeza. Aliufunga mguu wa Ezra kwa mkanda wa kiti na vipande viwili vya mti. Jua lilipozama baridi ikaja, na baridi ya kule haina utani. Walijibana watatu ndani ya bodi la helikopta, mgeni katikati, mbavu zake zimevunjika, akipumua kwa mlio.

Kabla hakujapambazuka mlio ulikoma. Primus alifumba macho ya mzee kwa kidole gumba, akasoma Baba Yetu, kisha akaanza kumvua koti.

"Unafanya nini?" Ezra alisema.

"Koti hili lina manyoya ya bata ndani, kaka. Yeye halihitaji tena."

Walilikata kwa kisu, kila mtu na upande wake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawakumaanisha hivi.

Kulipokucha, kifua cha Primus kilikuwa kimepungua kukoroma. Kuanguka kulimshusha, na kushuka ndiyo dawa ya ugonjwa ule wa mwinuko. Mguu wa Ezra ulikuwa umevimba, vidole vimekuwa vya bluu. Hakukuwa na haja ya daktari kumwambia: akifikishwa hospitali upesi, mguu utapona, akichelewa, utakatwa, akichelewa zaidi, atazikwa nao.

"Hivi nyie mnalipwa ngapi?" Primus aliuliza ghafla, akikaza kamba za viatu.

"Kwa kichwa. Kichwa kisipofika, sifuri."

Primus alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nilidhani mko juu. Kumbe sisi wapagazi tunawazidi, sisi angalau mzigo unapimwa kabla." Akasimama. "Nashuka Tarakea. Usiuache huo mguu ukalala, ukandekande."

Ezra alimwangalia akipotea kwenye ukungu. Alitaka kumwita amwombe radhi kwa neno lile la kwenye redio, lakini aliogopa kumkumbusha. Siku ile na usiku wake wote alibaki na maiti na swali moja tu: hivi mtu uliyemwita mzigo, atarudi? Akili ilimwambia hapana. Yeye mwenyewe asingerudi. Aliukanda mguu mpaka ukaacha kuuma, na ulipoacha kuuma ndipo hofu ilipomshika hasa.

Siku iliyofuata, jua likiwa limeshavuka utosi, alisikia sauti za wanaume. Primus alikuwa mbele yao, anahema, uso umekwisha. Nyuma yake walikuja watu sita na machela moja ya gurudumu. Ezra alilia kwa furaha. Kiongozi wao, Melkior, alimpita, akainama juu ya maiti na kuanza kuifunga kwa turubai.

"Mnafanya nini?" Ezra aliuliza.

"Tumetumwa mgeni, kapteni. Bima imelipia machela moja na watu sita. Ubalozi unasubiri."

"Mimi niko hai."

"Ndiyo maana wewe unaweza kusubiri."

"Mguu wangu utaoza. Melkior, mwite bosi kwa redio."

Melkior alimwita. Ezra aliisikia sauti ya Ebenezeri ikikwaruza: "Kapteni ni wa mkataba, hana bima kwetu. Nani anailipia hiyo machela ya pili? Leteni mteja kwanza. Kesho tutaona." Melkior hakuweza kumtazama usoni. Alimwachia blanketi, chupa ya maji na biskuti, kisha gurudumu likaanza kuteremka likigonga mawe, na mzee Mjerumani akaenda zake kwa heshima zote.

Primus alibaki.

"Kwa nini usiende nao?" Ezra alimuuliza.

"Kesho wakija, nani atawaonyesha njia? Na mimi nikishuka, kifua changu hakipandi tena."

Walijifunika blanketi moja. Ezra alisema, "Lile neno nililosema kambini…" na Primus akamjibu, "Lala, kaka." Si kwamba alikuwa amemsamehe. Alikuwa amechoka.

Waliokuja asubuhi hawakuwa watu wa kampuni. Walikuwa akina mama wa Rombo, wakata majani ya ng'ombe, ambao Primus aliwakuta pembezoni mwa msitu alipokuwa akishuka, wakampa uji na simu. Waliiona machela ikipita na mtu mmoja, tena aliyefunikwa uso. Mama Margareta, mkubwa wao, aliuliza yule aliye hai yuko wapi, akajibiwa kwamba zamu yake bado. Hakubishana na mtu. Alichukua kamba za kufungia majani, miti miwili na vitenge, akapanda na wenzake wakifuata alama za gurudumu.

"Shikamoo, mama," Ezra alisema akiwa chini.

"Marahaba, baba. Una uzito gani?"

"Kilo themanini."

"Basi tutapokezana kukubeba," alisema, na wakambeba mpaka barabarani, wakimshusha kila walipochoka, wakimnyanyua tena.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Daktari alisema ungefika siku moja mapema, angeuokoa. Ebenezeri alikuja wodini amevaa vizuri, ameshika bahasha na chupa ya mtori wa ndizi, akasema pole nyingi.

"Bima imekubali," alisema. "Mgeni amefika uwanjani, kichwa ni kichwa. Hii ni haki yako."

"Alifika akiwa maiti."

"Mkataba unasema afike."

"Na huyu?" Ezra alimwonyesha Primus, aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda akimenya chungwa.

"Huyo hakuwa na bima."

"Na mguu wangu?"

"Hilo tutalizungumza," Ebenezeri alisema, akaiweka bahasha juu ya shuka, mahali ambapo mguu ungekuwa, akaondoka.

Ezra alitaka kumrushia bahasha kisogoni. Alikuwa na watoto wawili shuleni na kihamba mikononi mwa watu, na hakuna kampuni inayoajiri rubani wa mguu mmoja. Aliichukua ile bahasha, akaifungua na kuhesabu nusu. Akamnyooshea Primus.

"Chukua. Mimi na wewe tunajua ni nani alifanya kazi."

Primus alizitazama zile noti, kisha akamtazama yeye.

"Hapana, kaka," alisema. "Hizo ni za yule mzee tuliyemvua koti."

Akampa kipande cha chungwa, na Ezra akabaki ameshika pesa mkono mmoja na chungwa mkono wa pili.