Kidole Kilichovuta

Zamani kidogo, asubuhi kwetu Shirimatunda ilikuwa inaanza na sauti ya maziwa yakiingia kwenye ndoo. Chuu, chuu, chuu. Ni mama yetu, Elisifa, anamkamua ng'ombe wetu Malkia. Mimi, Rachel, nawasha jiko. Kaka yangu Davis anakatakata mgomba wa kumlisha ng'ombe. Baba yetu, Eliamini, anakunywa chai haraka aende Majengo kwenye karakana yake ya mbao.

Malkia alikuwa na tabia mbaya. Akiguswa na mtu mwingine zaidi ya mama, anapiga teke. Ndoo inaruka huko. Tulikuwa tunacheka tu.

Halafu mama akapata kiharusi.

Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Mama alikuwa anaongea na mimi jikoni. Ghafla mdomo wake ukapinda upande mmoja, maneno yakawa hayaeleweki. Mkono wa kulia ukaanguka. Kikombe alichokuwa ameshika kikavunjika. Baba hakusema tusubiri tuone. Alimpeleka hospitali muda ule ule. Daktari alisema presha ilikuwa imepanda sana, na kuwahi kwetu kulimsaidia.

Mdomo ulirudi. Mguu ulirudi, akawa anatembea taratibu. Mkono haukurudi.

Hospitali walimfundisha mazoezi. Afinye soksi iliyokunjwa kama mpira, aiachie, afinye tena, mara nyingi kila siku. Mama alifinya siku za mwanzo. Mkono haukuonyesha kitu. Siku moja akaitupa soksi chini ya kitanda.

"Nimechoka kufinya soksi," alisema. "Kwani mimi mtoto mchanga?"

Baba alichukua khanga, akaufunga ule mkono kifuani. "Mkono mgonjwa unapumzishwa," alisema. Wote tuliona ana akili. Akina mama wa kanisani walikuja na mtori wa ndizi na nyama, wakamlisha kwa kijiko. Mimi nilimfunga vifungo na kumchana nywele. Akitaka kushika kitu, tunamwambia, "Kaa, mama, tutafanya sisi." Tuliona hiyo ndiyo heshima.

Huku bandani mambo yaliharibika. Baba alijaribu kumkamua Malkia, akapigwa teke la goti. Davis alimfunga miguu kwa kamba na kumkamua, lakini maziwa hayakuwa yanaisha. Kiwele kikavimba, kikawa cha moto. Daktari wa mifugo alimchoma sindano.

"Akiendelea kukamuliwa nusunusu hivi, mtampoteza," alisema.

Jioni hiyo baba akaamua. "Nimeongea na mzee Sirili wa bucha. Atamchukua kabla ya Krismasi. Watu wa Dar wakianza kupanda kuja nyumbani kwa sikukuu, nyama inatakiwa."

Mama alisikia neno nyama. Aligeukia ukutani. Hakula chakula siku hiyo.

Nyumba ikawa kimya. Kitu pekee kilichokuwa kinapiga kelele ni gemu la Davis.

Davis alikuwa anapenda sana banda la gemu la kule mtaa wa Soweto. Mwenye banda alikuwa amempa mashine moja ya zamani iliyoharibika, Davis akaitengeneza mwenyewe. Aliiunganisha kwenye televisheni yetu. Lilikuwa gemu la magari yanayopanda milima. Unashika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili. Kidole cha kulia kikivuta kitufe cha nyuma, gari linakwenda. Ukiachia, linapunguza mwendo.

Mama alikaa anaangalia, mkono umefungwa kifuani. Mara gari la Davis likaanza kuserereka kuelekea korongoni.

"Davis! Vuta! Vuta!" mama alisema.

Nikaona kitu. Pale vidole vyake vilipotokeza kwenye khanga, kidole kimoja kilivuta. Kidogo sana. Nilitaka kusema, nikaogopa. Je, kama nimeona vibaya?

Wakati huo huo baba akaingia. Alimwona Davis na pedi. Uso wake ulibadilika. Alichomoa waya ukutani, akaibeba mashine.

"Mama yako hana mkono! Ng'ombe anaondoka! Wewe unaendesha magari ya uongo!"

"Baba, nilishakata majani..."

"Nyamaza! Leo naipasua kwa nyundo."

"Hodi humu ndani," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa anti Priska, jirani wa ng'ambo ya barabara. Anafanya kazi hospitali. Yeye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni. Alikuja kumpa mama pole.

"Shikamoo, anti," tulisema.

"Marahaba." Alimwangalia baba na ile mashine mikononi, akamwangalia mama. "Mama Davis, pole. Nani amekufunga mkono hivyo?"

"Mimi," baba alisema. "Upumzike."

"Umevunjika?"

"Hapana. Ni kiharusi."

"Basi, kaka yangu, khanga hii inamrudisha nyuma. Mkono wenyewe si mgonjwa. Kilichoumia ni ubongo unaouamuru. Ubongo unajifunza upya pale mkono unapojaribu, tena na tena. Mkikaa mnamfanyia kila kitu, utajifunza saa ngapi?"

Baba alikaa chini, mashine mapajani. Nilimwonea huruma.

"Hauna kitu huu mkono," mama alisema. "Umekufa."

Nikasema, "Kidole kilivuta."

Wote waligeuka. Sijazoea kuangaliwa na watu wengi.

"Nini?" baba aliuliza.

"Cha mama. Gari lilipotaka kuingia korongoni. Mama alisema vuta, na kidole kikavuta. Nilikiona."

"Rachel, usinifariji," mama alisema.

Anti Priska alipiga magoti, akafungua khanga. "Baba Davis, rudisha hiyo mashine."

"Gemu? Unataka mama mtu mzima acheze gemu?"

"Kazini tunayatumia magemu. Soksi inachosha, mtu anaacha. Kwenye gemu anafinya mara nyingi bila kuhesabu, kwa sababu anataka gari lisianguke. Gemu si dawa. Vidonge vya presha aendelee, kliniki aende. Gemu linamsaidia asiache mazoezi, basi."

Baba aliirudisha mashine kwenye televisheni. Akachomeka waya.

Davis alimwekea mama pedi mapajani, juu ya mto, akampanga vidole kimoja kimoja. Gari halikusogea. Mama alitoa jasho. Halikusogea. Halafu lilijikongoja kidogo, likasimama.

"Limekwenda!" Davis aliruka. "Mama, umepita hata wale wa Soweto!"

"Toka hapa, muongo," mama alisema. Ila alikuwa anacheka.

Anti Priska alituwekea masharti. Mama acheze kwa muda mfupi, asubuhi na jioni, apumzike katikati. Akae wima. Mkono ukiuma, aache. Na vitu vya nyumbani ajaribu mwenyewe: kijiko, kitasa, vifungo.

Davis naye akapata sharti lake: vitabu na majani ya ng'ombe kwanza.

Siku zilikwenda. Gari lilianza kufika kona ya kwanza. Lakini Krismasi ilikuwa inakuja, na mama alijua hilo. Siku moja, sisi tukiwa shule, alicheza bila kupumzika. Tulimkuta ameushika mkono, umekaza, analia.

Baba alifoka. "Si nilisema? Lipelekeni huko lilikotoka!"

Anti Priska aliitwa. Aliukanda mkono polepole mpaka ukalegea.

"Mama Davis, mbona umevunja sharti?"

"Sirili anakuja," mama alisema. "Nitamkamua lini Malkia?"

"Ukiuchosha mkono hivi, hutamkamua kabisa."

Baada ya hapo alifuata masharti. Alipumzika, alicheza, alipumzika. Akaanza kula kwa kijiko mwenyewe. Nusu ya mtori ilikuwa inaishia kwenye gauni, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia.

Halafu mzee Sirili akaja, na kamba begani.

"Ng'ombe yuko wapi? Gari linanisubiri barabarani."

Mama alitoka na ndoo. "Nisubirini. Nimkamue mwenyewe."

"Mama Davis, atakupiga teke!" baba alisema.

"Anipige."

Alikaa kwenye kigoda. Aliosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akawa anamnong'oneza Malkia kwa Kichagga kama zamani. Malkia alinyanyua mguu wa nyuma. Baba akapiga hatua mbele. Mguu ukakaa hewani. Ukashuka taratibu chini.

Mkono wa kushoto ukaanza. Chuu. Wa kulia ukafinya. Hakuna kitu. Ukafinya tena. Hakuna.

"Jua linapanda hilo," mzee Sirili alisema.

"Vuta, mama," Davis alinong'ona. "Kama kwenye korongo. Vuta."

Likatoka tone moja. Halafu uzi mwembamba wa maziwa. Chi. Chi. Chuu.

Baba aliziba mdomo kwa kiganja. Mama alipochoka, alimwita Davis akae pembeni yake, akaweka mkono wake juu ya wa Davis, wakamalizia pamoja. Malkia hakupiga teke. Maziwa yakaisha yote kiweleni.

"Mzee Sirili, samahani sana," baba alisema. "Ng'ombe hauzwi."

"Yaani nimetoka kwangu kuja kuangalia watu wanakamua?"

"Na kunywa chai ya maziwa. Karibu ndani."

Mkono wa mama haujawa kama wa zamani. Vifungo vidogo bado vinamshinda. Lakini anakamua, akichoka Davis anamalizia, na Malkia ameshamzoea. Kliniki hakosi. Davis amekuwa wa kwanza kumkumbusha vidonge. Jioni wanashindana kwa gemu, na siku hizi baba naye anadai zamu, ila gari lake linaishia korongoni kila mara. "Aika mae," anamshukuru anti Priska kwa Kichagga kila akija kuchukua maziwa.

Na ile khanga iliyofunga mkono niliichana vipande. Navifua kila siku, navianika juani. Ndivyo mama anavyofutia kiwele cha Malkia, kwa mkono wa kulia.